Mgongo Ulioumia: Lini Utulizwe, Lini Utembezwe

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unahusu mgongo na viungo vilivyoumia kwa kuanguka, kwa kubeba mizigo na kwa michezo. Hapa Rungwe hakuna familia isiyoguswa na habari hii. Tunaishi kwenye miteremko, mvua inanyesha karibu mwaka mzima, njia zina utelezi, na mazao yetu ni mazito: mikungu ya ndizi, viazi, maparachichi, makapu ya chai mbichi. Tena vijana wetu wanapenda mpira kupita kiasi.

Katika miaka yangu ya uuguzi nimeona jambo moja likijirudia. Mtu aliyeanguka kutoka mtini, ambaye mgongo wake wapaswa kutulizwa kabisa, huinuliwa haraka haraka kwa mikono na miguu, hukalishwa, hupewa maji ya kunywa, kisha hupakiwa kwenye pikipiki kati ya watu wawili. Lakini yule ambaye mgongo wake umekaza tu baada ya siku mbili za kulima, ambaye angefaa kutembea kidogo kidogo, huyo ndiye anayelazwa kitandani wiki tatu na majirani wakamkataza hata kusimama. Yaani tunafanya kinyume. Anayetakiwa kutulia tunamtikisa, na anayetakiwa kutembea tunamlaza.

Ili tuelewe sababu, tutazame kwanza mgongo ulivyoumbwa. Uti wa mgongo ni nguzo ya pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine. Shingoni ziko 7, nyuma ya kifua ziko 12, kiunoni ziko 5, na chini yake ziko zile zilizoungana kuwa mfupa mmoja hadi kwenye kifupa cha mkia. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu, kigumu pembeni na laini katikati, ambacho hupokea uzito kama ngata inavyopokea ndoo kichwani. Kila pingili ina tundu, na matundu hayo yakipangana yanafanya mfereji. Ndani ya mfereji unapita ugwe wa mgongo, yaani shina la mishipa ya fahamu litokalo kwenye ubongo. Ugwe huu ni laini, na unene wake haupiti kidole kidogo cha mkono. Kwa njia yake ubongo huiamuru miguu itembee na kibofu kizuie mkojo, na kwa njia hiyo hiyo miguu huuarifu ubongo kwamba imekanyaga moto.

Mfupa ukivunjika, huunga. Ugwe ukikatika, hauungi. Tena mtu anaweza kuvunjika pingili na ugwe ukabaki mzima. Mtu huyo anayo nafasi kubwa ya kutembea tena, mradi kipande cha mfupa kisisukumwe kwenda kuubana au kuukata ule ugwe. Kwa hiyo nusu saa ya kwanza baada ya ajali, chini ya mti au kando ya barabara, yaweza kuamua kama mtu atarudi shambani kwake kwa miguu.

ALIYEANGUKA AU KUGONGWA

Wataalamu wa Hospitali ya KCMC, Moshi, walipopitia majalada ya wagonjwa walioumia ugwe wa mgongo kati ya mwaka 2010 na 2014, walikuta kuanguka ndiko kulikoongoza, na ajali za barabarani zikafuata. Kilimanjaro inafanana sana na kwetu: migomba, miti mirefu, miteremko, bodaboda. Miparachichi yetu ya kienyeji hupanda juu kuliko paa la nyumba, na matawi yake hukatika bila kutoa taarifa, hasa yakiwa yamelowa. Wenye miti ya kisasa iliyopandikizwa wana nafuu, maana ikipunguzwa vizuri huchumwa mtu akiwa amesimama chini. Kwa miti ile mirefu yafaa kutumia mti mrefu wenye kikapu mwishoni. Watoto wasitumwe juu wakati wa mvua. Parachichi moja lina bei gani hata limgharimu mtoto miguu yake?

Sasa mtu ameanguka. Usimwinue. Mwambie alale hivyo hivyo alivyo, wala asigeuze kichwa kuwatazama wanaokuja. Muulize jina lake na panapouma. Mwambie asogeze vidole vya miguu na vya mikono. Mguse miguuni bila yeye kuona, umuulize kama anasikia. Akiwa na maumivu katikati ya shingo au mgongo, au ganzi, au sindano sindano miguuni, au nguvu zimepungua, au amejikojolea bila kujua, basi hesabu kwamba mgongo umevunjika. Hesabu hivyo hivyo kwa aliyezimia, kwa aliyelewa, na kwa kila aliyeanguka kutoka juu kuliko kimo chake mwenyewe, hata kama anasema yu mzima. Mlevi hasikii maumivu mpaka kesho yake.

Mambo machache yanatangulia mgongo. Mtu asiyepumua, au anayetokwa damu nyingi, au aliye karibu na moto au ndani ya maji, asaidiwe kwanza, kwa uangalifu kadiri inavyowezekana. Pumzi ndiyo ya kwanza.

Kumhamisha kunahitaji watu wasiopungua wanne. Mmoja apige magoti nyuma ya kichwa, akishike kwa mikono miwili pande zote mbili, akiweke sawa na mwili, wala asikiachie mpaka mgonjwa afungwe kwenye ubao. Huyo ndiye kamanda, na wengine wote wanamsikiliza yeye. Watatu wapange upande mmoja: wa kwanza ashike bega, wa pili nyonga, wa tatu miguu. Kamanda anapohesabu moja, mbili, tatu, wote wanamgeuza kwa pamoja kama gogo moja, kichwa na kiuno na miguu vikizunguka kwa wakati mmoja. Ubao unasukumwa nyuma yake, kisha anarudishwa juu yake vile vile. Ubao wapatikana wapi? Mlango ung'olewe kwenye bawaba. Kuurudisha ni kazi ya dakika kumi. Machela ya blanketi na miti miwili haifai kwa mgongo, kwa sababu hujikunja katikati. Viringisha kanga mbili ziwe ngumu, ziwekwe kushoto na kulia kwa kichwa, halafu mfunge kwa vitenge kifuani, nyonga na miguu, usibane pumzi. Akitaka kutapika, mgeuzeni wote kwa pamoja, ubao na yeye.

Najua bodaboda ndiyo inayofika kila kitongoji, tena bila bodaboda akina mama wengi wasingefika kujifungulia hospitali. Lakini kumkalisha mtu mwenye mgongo uliovunjika kwenye pikipiki na kumshusha katika mabonde yetu ni kuupiga mgongo huo kwa nyundo kila shimo. Kama anapumua vizuri na hatoki damu nyingi, ni afadhali kungoja gari saa nzima kuliko kufika kwa pikipiki katika dakika ishirini.

Wakati wa kungoja, mfunike, kwa maana baridi yetu haina huruma na aliyepooza hupoteza joto upesi. Usimpe chai wala uji, kwani huenda akahitaji upasuaji. Toa simu, funguo na sarafu kwenye mifuko yake ya nyuma. Wengi hawalijui jambo hili dogo. Asiyesikia hataambia mtu kwamba amelalia funguo, na baada ya saa chache tu nyama iliyo juu ya ufunguo huo huanza kufa.

Apelekwe moja kwa moja penye daktari na picha ya eksirei: Makandana pale Tukuyu, au Igogwe, au Itete kwa walio upande wa Busokelo. Wakiona inafaa watampa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda, Mbeya, na wachache huendelea hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Kumpeleka kwanza kwa mkandaji ni hatari kubwa. Sisemi kwamba wakandaji hawana msaada kwa lolote, lakini mgongo uliotoka katika ajali haukandwi, hauvutwi, wala haunyooshwi na mtu yeyote kabla ya picha.

AKISHARUDI NYUMBANI

Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu familia nyingi hudhani kwamba mtu akishapooza hakuna la kufanya. Zamani hata madaktari walidhani hivyo. Mpaka Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari waliovunjika mgongo walikufa kwa wingi katika muda mfupi, na wengi hawakuuawa na mgongo wenyewe. Waliuawa na vidonda vya kulalia na uchafu wa kibofu. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alifungua wodi yao huko Stoke Mandeville, Uingereza. Aliamuru kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, kibofu kitunzwe kwa usafi mkubwa, na kila mmoja apewe mazoezi na kazi ya mikono. Watu wakaanza kuishi. Mwaka 1948 akawaandalia mashindano ya kulenga shabaha kwa mishale wakiwa kwenye viti vya magurudumu, na kutoka hapo ndipo ilipozaliwa michezo ya Olimpiki ya walemavu tunayoisikia leo.

Tazameni, basi: alichoanza nacho ni kugeuza, na kugeuza kunawezekana hata katika nyumba ya tope. Kila baada ya saa mbili: ubavu wa kushoto, chali, ubavu wa kulia, na mto kati ya magoti. Gawaneni zamu usiku, asiachiwe mama peke yake. Asubuhi na jioni tazama ngozi ya matako, kifupa cha mkia, nyonga na visigino. Palipobadilika rangi au pana joto, asipalalie tena mpaka parudi kawaida. Usipasugue. Akikaa kwenye kiti, ajiinue kwa mikono au aegemee upande kila baada ya robo saa au nusu saa. Godoro lililolowa mkojo ni adui mkubwa kuliko umaskini.

Kuhusu mkojo, muulizeni muuguzi kabla ya kutoka hospitali, na msitoke mpaka mmeonyeshwa kwa vitendo. Mwenye mpira wa mkojo anywe maji ya kutosha, mfuko ukae chini ya kiwango cha kibofu siku zote, na mikono inawe kwa sabuni kabla ya kuugusa. Homa, kutetemeka, au mkojo wenye damu au usaha: hospitali siku hiyo hiyo. Viungo vyote visivyojiendesha vinyooshwe taratibu kila siku, la sivyo magoti na vifundo hukakamaa na hata kiti cha magurudumu kitamshinda kukikalia.

Kazi hii ya kumrudisha mtu katika maisha ndiyo inayoitwa utengamao, na mabingwa wake ni wataalamu wa fiziotherapia. Chuo cha KCMC kimefundisha wengi wao, na jirani yake kipo chuo cha TATCOT kilichoanza mwaka 1981, kinachofundisha watengenezaji wa miguu bandia na vifaa vya kushikiza viungo. Hospitali ya Rufaa pale Mbeya ina kitengo cha fiziotherapia. Ombeni barua. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2013 inasema walioumia ugwe wa mgongo wako katika hatari ya kufa mapema mara 2 hadi 5 kuliko wengine, na katika nchi zenye kipato kidogo vifo vingi ni vya mambo yanayozuilika, yaani hivyo vidonda na mikojo niliyoitaja.

MGONGO WA JEMBE NA WA LUMBESA

Sasa tugeukie upande wa pili, mgongo unaouma bila ajali kubwa. Huu ndio wa wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Mara nyingi misuli na kano zimechoka au zimevutika, na wengi hupata nafuu kubwa ndani ya wiki chache hata bila dawa nyingi.

Dawa ya mgongo huu ni kutembea. Pumzika siku moja au mbili ikibidi, kisha inuka. Tembea uwanjani, fua nguo chache, panda kitandani na kushuka mwenyewe. Maumivu kidogo wakati wa kutembea hayana maana kwamba unaharibu mfupa. Misuli iliyolazwa wiki tatu hulegea, na iliyolegea huuma zaidi, na hapo ndipo watu huanza kusema wamerogwa. Maji ya moto kwenye kitambaa yanasaidia. Kila mtu anataka picha, lakini kwa maumivu haya picha mara nyingi haibadilishi matibabu. Wengine hutaka sindano kila juma, na dawa hizo zikizidi huchubua tumbo na kuumiza figo. Mikanda ya kiuno inayouzwa mnadani nayo, mwongozo wa Shirika hilo wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno hauipendekezi. Unapendekeza elimu na mazoezi.

Zoezi moja jepesi: lala chali, kunja magoti, nyayo zikanyage chini. Inua makalio taratibu, hesabu mpaka tano, shusha. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni.

Lakini usitembeze kila mgongo. Ziko dalili za kukimbilia hospitali: ganzi sehemu za siri na makalio pale panapogusa tandiko la baiskeli, mkojo kuziba au kujitokea, miguu yote miwili kupungua nguvu. Hizo ni za siku hiyo hiyo, wala si za kungoja gulio lipite. Maumivu yanayozidi usiku, pamoja na homa za jioni, jasho na kukonda, yapimwe kifua kikuu. Ugonjwa huu huingia pia kwenye pingili, na usipotibiwa huleta kibyongo na hata kupooza. Dawa zake hutolewa bure. Na sisi tunaofuga ng'ombe wa maziwa tukumbuke kwamba brusela nayo huleta homa na maumivu ya kiuno, na hupatikana kwa kunywa maziwa mabichi. Chemsheni maziwa.

Kuhusu mizigo: gunia la viazi la lumbesa hupita kilo 100. Sheria ya vipimo inakataza, lakini mgongo wa kijana wa kupakia unaendelea kulibeba, kwa ujira mdogo mno. Wenye magari na wanunuzi wanajua hili. Vijana, bebeni wawili wawili. Akina mama, usijitwike mkungu peke yako kutoka chini. Mwombe mwenzio akutwishe, na ukifika akutue. Kama ni lazima kuinua, kunja magoti, mzigo uukumbatie karibu na tumbo, na ukitaka kugeuka geuza miguu wala si kiuno.

VIJANA WA MPIRA

Wilaya iliyotoa Tukuyu Stars, mabingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, haiwezi kuambiwa iache mpira. Basi tujue kuucheza. Majeraha mengi ya vijana wetu, hasa wakati wa maandalizi ya UMITASHUMTA na UMISSETA, ni kifundo cha mguu kuteguka, goti, na msuli wa nyuma ya paja.

Kifundo kikiteguka, kijana atoke uwanjani. Mguu uwekwe ndani ya maji baridi dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Barafu hatuna, lakini maji ya mito yetu yanatosha kabisa. Fungwa bandeji isiyobana sana, na mguu uinuliwe juu ya kiti. Kwa siku mbili tatu za mwanzo, asikandwe wala asiwekewe maji ya moto, kwa kuwa joto huongeza damu mahali palipochanika na uvimbe hukua. Baada ya hapo inakuja kanuni ile ile ya mgongo: aanze kuchezesha kifundo na kukanyaga kidogo kidogo. Asiyeweza kupiga hatua nne, au anayeumia ukigusa mfupa wenyewe, apigwe picha. Goti lililolia "pwa" na kuvimba siku ile ile lionwe na daktari, hata kama wiki ijayo kuna fainali. Kurudi uwanjani ni pale anapoweza kurukaruka kwa mguu ule ulioumia na kukimbia akikata kona bila kuchechemea.

Walimu wa michezo, FIFA inao utaratibu wa kupasha mwili uitwao 11+, dakika 20, hauhitaji kifaa isipokuwa mpira. Ulipojaribiwa kwa vijana wa ligi ya Lagos, Nigeria, katika utafiti uliotolewa mwaka 2014, majeruhi walipungua kwa karibu asilimia 40.

Neno juu ya kichwa. Kijana aliyegongana kichwa akazubaa, akasahau matokeo, akaona mawili mawili au akayumba, hachezi tena siku hiyo, hata timu ikibaki na watu tisa. Akiwa amezimia au shingo inamuuma, mlaze na umtunze kama yule wa mtini. Aliyeruhusiwa kurudi nyumbani asilale peke yake usiku ule. Mwamsheni mara mbili tatu, mumuulize jina lake na siku ya leo. Akitapika tena na tena, kichwa kikizidi kuuma, akiwa mgumu kuamka, au mboni ya jicho moja ikiwa kubwa kuliko ya pili, tafuteni gari usiku huo huo.